Penseli ya Njano kwa Mtoto wa Sita

Nianze kwa kujisifu, maana nikiwasubiri wengine wanisifu nitasubiri mpaka kiama. Hapa Unguja hakuna mtu anayeijua ngozi ya kichanga kunishinda mie. Niletee mtoto wa mpira, yule mdoli wa ukubwa wa kichanga halisi, mwenye kope zinazofunuka, mchanga tumboni wa kumtia uzito na shingo inayoanguka ukimwinua vibaya. Nipe penseli zangu za rangi na siku tisa. Nitakurudishia kitu utakachokipokea kwa mikono miwili bila ya kuambiwa. Nshawaona watu wazima na ndevu zao wanamshikilia kichwa asije akavunjika shingo, na huku wanajua fika kuwa ni mpira.

Nilikuwa mkunga na muuguzi kwa miaka thelathini na sita, na sasa nimestaafu. Nakaa ghorofa ya pili katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, chumba chenye dirisha moja linalotazama kichochoro. Mwanga mzuri unaingia saa mbili asubuhi na kuondoka saa sita, na saa hizo ndizo zangu. Ukija kunigongea saa tatu nitakuitikia "Naam", lakini mlango sitoufungua.

Watoto wenyewe aliniletea mkufunzi wa chuo kimoja cha uuguzi, mwanamke niliyemfundisha kumshika mtoto anayeteleza wakati hajui hata kuvaa glavu. Alipanda ngazi zetu na katoni kifuani, akaniamkia, akakaa, akavuta pumzi, akafungua. Watoto sita. Wanne walikuwa rangi ya pera lililopasuliwa.

"Mwalimu," akanambia, "wanafunzi wangu wanajifunzia hawa. Wanaambiwa mtoto akikosa hewa anageuka bluu, akipungukiwa damu anapauka. Wakiingia wodini wakakutana na watoto wetu, wanaduwaa tu."

"Na hawa wawili mbona wana rangi ya mlango?" nikamuuliza, maana wawili wa chini walikuwa kahawia tupu na wanang'aa.

Akainamisha macho. Kumbe aliwapeleka kwa fundi wa rangi za magari! "Usinicheke, mwalimu," akasema. Nikamcheka mpaka machozi yakanitoka. Yule fundi kazi yake aliifanya vizuri, sina la kumsema, hata tone moja halikuchuruzika, lakini watoto waling'aa kama gari la bwana harusi. Hata hivyo nikamwambia awapeleke na wale wanne. Rangi ya chini nilikuwa naihitaji na mie sina mashine ya kupulizia. Ya juu yake niachiwe mwenyewe.

Watu huniuliza kwa nini penseli na si brashi. Brashi inakimbia. Ukiigusa tu, rangi inatambaa inakotaka yenyewe, na ngozi ya mtoto haivumilii mambo hayo. Penseli inakwenda ninapoipeleka na inasimama ninapoisimamisha. Kwanza nawasugua kwa msasa laini mpaka ule mng'aro ufe. Nawaosha, nawapulizia vanishi isiyong'aa ili penseli ipate pa kung'ang'ania. Kisha nachonga kwa wembe, kichongeo sikitaki, maana nataka ncha ndefu kama sindano. Nachora viduara vidogo vidogo kwa mkono mwepesi, tabaka moja, napuliza vanishi, nasubiri ikauke, naanza jingine. Tabaka kumi, kumi na mbili. Siku za masika vanishi haikauki, na siku hizo mie sisemezeki.

Na usidhani kazi yote ni penseli ya kahawia. Mtoto wetu ana wekundu wa tofali kwenye mashavu na viganja. Ana zambarau kwenye mikunjo ya vidole, na kijani kidogo sana pale mshipa unapopita kipajini. Ana vijipele vyeupe puani, vidogo kama chembe za chumvi, na ngozi inayobambuka nyayoni. Juu ya makalio ana baka la bluu ambalo mgeni akiliona hudhani mtoto kapigwa. Kisha kuna masikio. Kwetu mtoto akizaliwa wanawake hawamtazami uso, wanamgeuza sikio na kumtazama mzizi wa kucha, wajue atakuwa wa rangi gani akishakua. Kwa hiyo ncha za masikio nazitia giza kuliko shavu, na mzizi wa ukucha kuliko kidole. Mwanamke yeyote wa Unguja akimpokea mtoto wangu, mkono wake wa kwanza unakwenda sikioni. Pakiwa sawa pale, keshaamini.

Jirani yangu wa dirisha la mkabala aliamini kupita kiasi. Kichochoro chetu ni chembamba, tunaweza kupeana bakuli la mchuzi dirisha kwa dirisha, na alikuwa amenitazama siku tatu nimempakata mtoto. Siku ya nne akanijia na doti ya kanga, sabuni na poda ya mtoto. "Hongera bibi wee! Mbona kimya kimya? Cha nani hiki?" Nikamkabidhi. Akamfunua sikio, akasema "Mashaallah," akambusu kipaji, halafu akahisi baridi ya mpira mdomoni. Ukelele alioutoa ulisikika mpaka sokoni. "Toba yarabi! Sanamu!" Tangu hapo ananihubiria kuwa chumba chenye sanamu hakifai kusaliwa. Nikamwambia, nikisali wao wanafungiwa sandukuni, na yeye alale kwake kwa amani. Kanga alirudi kuichukua. Sabuni aliniachia.

Watoto watano nikawamaliza hivyo. Mkufunzi alipokuja kuwatazama alimshika mmoja mmoja, akawageuza masikio wote watano, nami nimekaa kitako najipepea. Sikumuuliza kama wamependeza. Nilikuwa najua.

"Wa sita nnamtaka mgonjwa," akasema. "Mtoto wa siku ya tano aliyeanza kugeuka njano. Simtaki yule aliyekwisha kuharibika, huyo kila mtu anamwona. Nnamtaka yule anayepita mbele ya muuguzi na muuguzi asimwone."

"Hilo tu?" nikamjibu.

Nikachukua penseli ya njano. Mara ya kwanza nilimtia rangi, mkufunzi akaja, akamtazama, akasema kwa heshima zake zote, "Mwalimu, huyu hata muuza urojo atamkimbiza hospitali." Nikamfuta kwa msasa nikaanza upya. Mara ya pili nikaipunguza njano, akawa mtoto mzima anayeuza afya. Mara ya tatu nikaiongeza kidogo tu, akawa mtoto mzima aliyeangukiwa na bizari. Mie! Nilikaa mbele ya dirisha asubuhi nzima na mkono huu usiokosea, nisijue pa kuuweka. Mwisho nikaivurumisha ile penseli nje. Nikamsikia jirani chini anasema, "Alaa! Leo wanarusha penseli!"

Si kwamba rangi ile sikuijua. Nilishaiona ikiwa hai, mikononi mwangu, nikakataa kuiona. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwa miaka ishirini na mbili.

Nilikuwa kwenye kituo kidogo cha afya cha shamba, upande wa mashariki, jina lake nalihifadhi. Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka kumi na mitano na nilijiona nimemaliza. Siku hiyo benchi lilijaa wanawake. Akaingia msichana wa miaka ishirini na kitu, uzazi wake wa kwanza, na mama mkwe wake ubavuni. Mtoto alikuwa wa kike, wa siku tano.

"Bi nesi," akasema yule msichana, "mwanangu namwona kama kabadilika rangi. Na analala mno, hata ziwa halitaki."

Sasa, kwetu mzazi ndani ya arubaini hukandwa kwa maji ya moto, kisha hupakwa manjano yaliyotwangwa na kutiwa mafuta, ngozi irudi na mwili unukie. Mtoto analala kwenye kifua hicho hicho. Watoto wengi tuliwapokea wana madoa ya manjano ya mama zao, wengine mpaka masikioni. Nikachukua pamba, nikampangusa yule mtoto kifuani. Pamba ikatoka njano. Basi nikainyanyua juu benchi zima liione.

"Ugonjwa wenyewe huu hapa!" nikasema. "Manjano ya mama! Maskini mtoto, kapakwa rangi. Mama nawe punguza kujipodoa, mume haondoki!"

Benchi likacheka, na mie nikacheka. Yule msichana akainama na kumfunika mwanawe. Sikumfunua mtoto jicho. Sikumtazama ufizi, wala unyayo, mahali ambapo manjano ya mama hayafiki. Nilikuwa na pamba yangu na nilikuwa nimeridhika.

Siku nne baadaye walimrudisha amepinda mgongo kwa nyuma na sauti yake imekuwa nyembamba. Tukampakia kwenye gari mpaka mjini. Alilazwa chini ya taa ya bluu, akabadilishwa damu, akaishi. Baadaye nikasikia kuwa hasikii. Mwaka huo huo nikaomba uhamisho wa mjini, nikapewa. Nilijiambia watoto kama hao ni wengi na mie ni binadamu. Nikaendelea kuzalisha, nikaendelea kusifiwa. Lakini toka siku ile hakuna kichanga kilichopita mikononi mwangu bila ya kufunuliwa jicho, na wanafunzi wangu niliwakaripia juu ya hilo mpaka wakanichukia. Sababu sikuwaambia.

Kwa hiyo mtoto wa sita aliponishinda, nilijua ni nani anayeijua rangi ile. Mama alimtazama mwanawe siku zile zote. Na ili nimuulize, ilinibidi nimwambie kwa nini nauliza.

Mtu uliyemkosea namna hii hukosi kujua yuko wapi. Alikuwa amehamia Uroa, yeye na mama mkwe wake, analima mwani. Nikamfunga yule mdoli ndani ya kanga, nikamtia kapuni, nikaenda. Nilimkuta amekaa jamvini mlangoni kwake, miguu ameinyoosha, anafunga vichipukizi vya mwani kwenye kamba, taitai, vile vikamba vya kufungia, moja baada ya nyingine. Nikapiga hodi. Akanyanyua uso.

"Shikamoo bi nesi," akasema. Hakuuliza mie ni nani.

"Marahaba mwanangu," nikajibu. Nikakaa. "Nimekuja kukuuliza kitu, na nimekuja kukwambia kitu."

"Basi uliza."

"La, ngoja nikwambie kwanza. Nikishauliza nitakosa ushujaa." Nikajikaza. "Siku ile ulipomleta mwanao, alikuwa mgonjwa. Nilitakiwa nimfunue jicho, sikumfunua. Ningempeleka mjini siku ile ile, huenda leo anasikia."

Vidole vyake vikasimama juu ya kamba. "Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Hayakuwa manjano yangu?"

"Manjano hayamdhuru mtoto, wala hayamzibi masikio. Njano yake ilikuwa ya ndani, ya ugonjwa. Ni mie niliyeshindwa kuitafuta."

Akaiachia kamba. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Bi nesi, mie toka siku ile sijashika manjano. Nimezaa watoto wanne baada ya yule, arubaini zote nimekaa mkavu kama mgonjwa. Hata mchuzi wangu hauna manjano, wageni wanausema mchuzi wangu mweupe. Mama mkwe alisema, nesi mwenyewe kanyanyua pamba, watu wote wameona. Mume wangu akasema hivyo hivyo. Mtaa mzima ukajua. Mwanangu hasikii kwa sababu mamake alitaka kunukia."

Jamani, niliona aibu ambayo sijapata kuiona maishani mwangu. Miaka ishirini na mbili nilijihesabia kosa moja, la mtoto. Kumbe lile neno nililolitoa ili benchi licheke lilikuwa limeingia nyumbani kwa mwanamke huyu na kukaa. Mie hata sikulihesabu. Yeye amelipikia, amelizalia. Machozi yakanijia.

"Usilie," akanikata. "Ukilia nitakubembeleza, na mie sitaki kukubembeleza."

Nikayameza.

Ndani akatoka binti. Mrefu, amejifunga leso kichwani, mimba ya miezi saba imetangulia mbele. Akaniamkia kwa kuinamisha kichwa, akamuuliza mamake kitu kwa mikono, mamake akamjibu kwa mikono. Ndiye yeye. Akaja akakaa upande wa pili wa kamba na kuanza kufunga mwani, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mama.

"Huyu ameolewa hapa hapa, na hii mimba yake ya kwanza," akasema mama. "Mtoto wa kike mimba ya kwanza anakuja kuzalia kwa mamake, unajua. Wakwe zake hawataki. Wamenitumia salamu kuwa watamkanda wao, mie nikae mbali. Wanaogopa mkono wangu." Akaivuta taitai mpaka ikakaza. "Haya. Uliza ulichokuja kuuliza."

Nikamtoa yule mdoli kapuni na kumfunua. Binti akashtuka, kisha akacheka bila ya sauti, akamgusa shavu. Mama hakucheka. Nikamweleza kazi ya mtoto yule, kwamba wauguzi watajifunzia kwake ili wasimkose mtoto mwingine, na kwamba rangi imenishinda. "Ilikuwaje?" nikamuuliza. "Wewe ulimtazama siku zote zile."

Akamchukua. Akamwelekeza kwenye mwanga wa mlango, mkono chini ya kisogo, na mie nikaona kuwa hivyo ndivyo alivyokuwa akimshika wakati ule.

"Hapana," akasema. "Umempaka. Mwanangu hakuwa amepakwa. Mwanangu alikosa wekundu. Nilikuwa nkimleta mlangoni namna hii nkiutafuta wekundu wake, siuoni, hapa mashavuni, hapa viganjani. Njano ilikuwa chini yake. Na macho," akafikiri, "mtazame mtu aliyekula mchuzi wa manjano kwa mkono, akanawa na sabuni. Ile rangi inayobaki kwenye ukucha. Macho yake yalikuwa hivyo."

Wallahi, miaka thelathini na sita ya kazi, na darasa nililipata pale jamvini. Nilikuwa naongeza njano juu ya mtoto mzima. Kumbe nilitakiwa kuitanguliza njano chini, kisha nimnyime penseli nyekundu.

Nilipoinuka kuaga, akanizuia kwa jicho. "Pamba uliinyanyua mbele ya watu," akasema. "Na hili kaliseme mbele ya watu. Ijumaa baada ya sala wanawake wa mwani wanakutana bandani. Mama mkwe wangu huwapo. Njoo na huyo mtoto wako."

"Nitakuja."

"Utakuja kweli?"

"Nikisema nakuja, nakuja," nikamjibu kwa ukali, maana hasira niliyokuwa nayo juu ya nafsi yangu ilibidi itokee mahali. Nikamwona anataka kutabasamu, akajizuia.

Nilirudi mjini, nikamsugua mtoto wa sita mpaka kwenye kahawia ya yule fundi wa magari, nikaanza. Njano kwanza, nyepesi, kuanzia usoni, ikipungua kuelekea tumboni, kwa sababu ndivyo inavyoshuka. Juu yake kahawia mbili, ya mchanga na ya kokwa la tende. Zambarau kwenye mikunjo niliiacha ndogo. Penseli nyekundu niliifungia kwenye kabati ili mkono usiifuate kwa mazoea. Macho nilimfungua kidogo tu, kama mtoto anayesinzia, na kwenye weupe wake nikatia njano mara moja, nikaipangusa kwa kidole. Ufizi nikautia hivyo hivyo, na nyayo. Siku ya sita nilimlaza kitandani nikatoka nje, nikarudi ghafla kama mtu anayeingia wodini. Nikaona mtoto mzuri aliyelala. Nikamfunua jicho, na njano ilikuwapo. Nilimpata. Hakuna mwingine ambaye angempata, na hilo nalisema bila ya haya.

Ijumaa nikaenda Uroa. Bandani wanawake walikuwa kama ishirini wamekaa mikekani, mwani umeanikwa nje, na harufu yake imejaa mle ndani. Mama mkwe alikuwa mbele kabisa, bibi mkavu mwenye macho makali. Nikamwamkia, akaitikia kwa shingo upande. Wifi wa binti alikuwapo pia. Binti alikaa karibu na mamake, na mamake alikaa nyuma ya wote, karibu na mlango wa kutokea.

Nikawatajia mie ni nani. Nikaomba manjano yaliyotwangwa na mafuta ya nazi, nikaletewa kwenye bakuli. Nikampaka mdoli kifuani na mashavuni mbele yao, kisha nikachukua pamba nikampangusa. Pamba ikatoka njano. Nikainyanyua juu, kama siku ile.

"Mie niliishia hapa," nikasema. "Nikacheka, benchi zima likacheka. Sasa njooni."

Wakasogea. Nikampangusa mpaka manjano yote yakamtoka. Nikawaambia wamtazame tena, wakasema mtoto ni mzuri, hana kitu. Nikamfunua jicho. Nikawaonyesha ufizi, nikamgeuza unyayo. "Hii ifuteni," nikawaambia. Mmoja akajaribu kwa kanga yake, akasugua kweli kweli. Haikufutika.

"Hii ndiyo iliyomziba masikio yule binti pale. Ilikuwapo siku ile na ilikuwa inatibika. Mamake aliiona, akaja akaniambia kwa mdomo wake. Mie nikamsingizia manjano." Nikamnyooshea mkono yule mama kule mlangoni. "Yeye ndiye aliyekuwa anaona. Mie nesi ndiye niliyekuwa kipofu."

Mama mkwe akamchukua mdoli, akamgeuza sikio kwanza, kisha akamfunua jicho mwenyewe.

"Miaka yote hii kwa nini hukusema?" akaniuliza.

"Woga, mama. Na kujiona."

"Hm," akasema. "Na mie neno lako nikalibeba kama kitambulisho." Akageuka akamtafuta mkwewe kule nyuma, kisha akamtazama yule wifi. "Waambie nyumbani kwenu, mjukuu wangu atazalia kwa mamake. Wakibisha waje kwangu."

Binti alikuwa anafuata mikono na midomo ya watu. Akamgusa mamake, akauliza, mamake akageuka kunifasiria.

"Anauliza kama huyo mtoto ndiye yeye."

"Mwambie ndiye."

Akamwambia. Binti akaja mpaka katikati ya mkeka, akampokea mdoli kutoka kwa bibi yake kwa mikono miwili, kichwa amekishikilia vizuri. Akamtazama macho yale. Kisha akamlaza juu ya tumbo lake, akaanza kumpigapiga mgongoni polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mama mkwe akalisukuma lile bakuli la manjano mkekani kuelekea nyuma, wanawake wakalipokezana mpaka likafika mlangoni. "Njoo ukumbuke kazi ya kukanda," akasema. "Miezi miwili hiyo imebaki."

Yule mama akalitazama bakuli. Hakuna aliyemhimiza. Akachovya vidole viwili, akajipaka kwenye mkono, kutoka kiwiko mpaka kiganja, kisha akaupeleka mkono puani, akafumba macho, akanusa.